Kinyozi wa Masanduku Matupu

Wanawake wengine huolewa na walevi, wengine na wacheza kamari. Mimi niliolewa na mtu anayenunua masanduku yasiyo na kitu ndani. Mume wangu, Yasuji Tsurumaki, ni kinyozi. Kibanda chetu kipo karibu na mto Asano, hapa Kanazawa, na ukiingia unyolewe utayaona masanduku yake kabla hujakiona kioo. Yamepangwa ukutani mpaka darini, mengine yamebanwa kati ya chupa za mafuta ya nywele. Ni ya mti wa kiri, mepesi, na ukilifungua lolote utakuta hewa tu. Watoto wa mtaani humwita Bwana Hewa, na yeye huitika.

Mwanzoni nilidhani ni wazimu. Baadaye nikajua ni hasira, na hasira ya mtu mpole haiishi upesi.

Hapa kwetu bakuli la zamani la chai halitembei peke yake. Lina sanduku lake, na juu ya kifuniko yameandikwa kwa wino jina la mfinyanzi, jina la bakuli lenyewe, na pengine mkono wa bwana wa chai, mjuzi wa karamu za chai, aliyelitazama akaridhika. Bakuli bila sanduku ni kama mtu mzima asiyeweza kutaja kwao. Utamkaribisha, lakini bintiyo humpi. Sasa, mabakuli huvunjika, na sanduku hubaki. Hapo ndipo wezi wanapopata riziki. Huchukua bakuli lililochomwa juzi, hulipaka moshi na chai ya rangi, hulitumbukiza ndani ya sanduku la kweli, kisha humtafuta mtu mwenye moyo mkubwa kuliko macho yake.

Mtu huyo, tulipokuwa vijana, alikuwa Yasuji. Tulikuwa tumeweka akiba ya kununua kiti kipya cha kunyolea. Akaja mchuuzi wa vitu vya kale aitwaye Mukai, mteja wetu wa kila wiki, akamwonyesha bakuli jeusi ndani ya sanduku zuri. Kiti hatukununua. Mwaka haukuisha kabla mzee mmoja mjuzi hajalishika lile bakuli, akaliweka chini taratibu na kusema hali ya hewa ni nzuri. Tulielewa kwamba ni la uongo.

Katika biashara ile aliyedanganywa halalamiki. Ukirudisha kitu, unautangazia mji kwamba jicho lako bado changa. Kwa hiyo watu hufunika kombe mwanaharamu apite. Wiki iliyofuata Mukai alikuja kunyolewa kama kawaida, akalala kwenye kiti chetu kibovu, shingo nje. Mimi nilikuwa nikikunja taulo, na nakiri nilimtazama mume wangu kwa matumaini. Alimnyoa vizuri sana. Alisema neno moja tu: "Usimeze mate, Bwana Mukai, hapa ngozi ina mikunjo."

Bakuli lile tuliligeuza la kulia paka. Sanduku akalipandisha rafuni. Tangu siku hiyo, kila soko la vitu vya kale uani mwa hekalu, Yasuji yuko pale alfajiri, akinunua kila sanduku lisilo na mwenyewe, ili lisije likavalishwa bakuli la uongo. Nikamwambia atanunua masanduku ya Japani nzima. Akasema Japani nzima haiwezi, ila Kanazawa anaiweza. Na kuna siku, akipanguza vumbi, alinieleza anachokitaka hasa. "Mama Noriko," aliniambia, "kabla sijafa nataka kuona moja linajaa. Moja tu. Lipate bakuli lake lenyewe."

Nilicheka. Bakuli lililopotezana na sanduku lake ni tone lililoangukia mtoni.

Miaka ikapita, binti yetu akaolewa, magoti yakaanza kuuma. Ndipo akaja Itsuko Morisue.

Watu wa ukoo wa Morisue wanakaa mlimani, nyumba yenye ghala nyeupe na misonobari inayofungwa kamba kila mwaka kabla ya theluji. Mzee wao alipofariki aliacha watoto wawili: Kanetaka, mrithi, na Itsuko, ambaye alikuwa ameolewa na mwuza kachumbari za sokoni ingawa baba hakupenda. Mzee aliacha pia bakuli moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipa jina, siku Itsuko alipozaliwa, maana siku hiyo mvua ya kwanza ya kipupwe iliupiga mji. Akaliita Mvua ya Kwanza, akaliandika jina hilo juu ya kifuniko cha sanduku kwa mkono wake. Ukoo wote ulijua kwamba ukilitaja bakuli umemtaja binti.

Siku ya kugawana mali walitukanana juu ya bakuli hilo mpaka marehemu nusura asikie kaburini. Kanetaka akasema urithi ni wa mwana. Itsuko akasema jina ni lake. Mwishowe kaka akabeba bakuli na dada akabeba sanduku, kila mmoja akajiona mshindi. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wale wangenipa muda wa kulima, kuvuna na kula.

Itsuko aliliweka sanduku kwenye meza yetu ya nyembe. Mikono yake ilinuka figili na chumvi. Alisema hawezi tena kulitazama, na kulichoma anaogopa laana ya baba. Angempa Yasuji bure kwa sharti moja: asimpe kaka yake, wala asimwambie kwamba liko hapa.

Yasuji aliahidi. Hapo ndipo tulipojifunga kitanzi wenyewe, kwa sababu kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi wote hufunga, mume wangu hupanda mlimani na mkoba wake kumnyoa nani? Kanetaka Morisue. Baba yake alinyolewa nyumbani, na yeye hajawahi kujishikia wembe maishani. Kwa hiyo Yasuji akawa kila wiki anaiona pale kwenye rafu ya chumba cha wageni ile Mvua ya Kwanza, imefungwa kitambaa, haina nyumba. Kisha anarudi kwetu, na nyumba yake iko juu ya kioo. Alikuwa anakonda kabisa.

Akajaribu kumlainisha Kanetaka kwa kuzungukazunguka, akamwuliza habari za dada yake. Kanetaka alijibu kwamba hana dada.

Mambo yaliharibiwa na Mukai. Alikuwa mzee sasa, meno ya dhahabu, bado mteja wetu. Siku moja, sabuni ikiwa shavuni, akasoma kifuniko kile kupitia kioo. Akataka kulinunua. Yasuji akakataa. Mukai akapandisha bei, Yasuji akaendelea kunyoa. Akapandisha tena, mpaka mimi nilikuwa nafagia pahali palepale. Najua alikuwa amekwisha kupata bakuli la uongo la kulivalisha. Alipoona hapati, alijifuta sabuni mwenyewe, akapanda mlimani moja kwa moja, akamwambia Kanetaka sanduku la baba yake liko kwa kinyozi wake.

Jumatatu ile Yasuji hakupitishwa getini. Kanetaka alitoka mwenyewe hadi kwenye msonobari. "Mwaka mzima umeniwekea wembe shingoni," alisema, "na sanduku la baba yangu unalo. Utaniletea?"

"Siwezi, bwana. Niliahidi."

"Basi kaa nalo. Mimi nimeagiza jipya."

Na kweli alikuwa ameagiza. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa kufungua meko ya sakafuni na kuonja chai mpya, Kanetaka angealika wageni wa heshima. Mwalimu mmoja mzee wa chai alikuwa amekwisha kukubali kuandika kwenye sanduku jipya jina jipya: Mwangwi wa Mlima. Jina zuri, sina ubaya nalo. Lakini likishatamkwa mbele ya wageni, bakuli limezaliwa upya, na lile jina la Itsuko limekufa. Sanduku letu lingebaki tupu mpaka kiyama.

Nilimwambia mume wangu aachane na watu wale, wana pesa na wana vichwa vigumu. Jumatatu iliyofuata alinoa nyembe, akafunga mkoba, akapanda mlimani kwenye mvua. Akasimama getini, akafukuzwa. Jumatatu nyingine hivyohivyo. Hapa kwetu husemwa hata ukisahau chakula usisahau mwavuli, na yeye alikuwa akisahau vyote viwili, akirudi ametota huku akiniuliza kuna supu. Jirani zangu walinipa pole kama nimefiwa.

Kitu kimoja tu kilikuwa upande wetu, nacho ni ndevu. Kanetaka alimwita kinyozi mwingine kutoka stesheni, akamkata kidevu. Akamfukuza. Ndevu zikaendelea kuota, nyeupe upande na nyeusi upande, na karamu ya chai ikakaribia. Hatimaye geti likafunguliwa.

"Nyoa," Kanetaka alimwambia. "Usiseme."

Yasuji alinyoa bila neno mpaka taulo la mwisho. Kisha akaomba nafasi mbili za mwisho kwenye ile karamu, yake na ya mgeni atakayekuja naye. Nafikiri Kanetaka alidhani mgeni ni jirani yetu fulani wa mtaani, na labda alifurahi kupata watu wa kukaa mkiani. Akasema aje na amtakaye, ila asije na maneno. Na kwa kuwa mkewe alikuwa ameteguka mguu, akaomba mimi nisaidie jiko la nyuma.

Nikamwuliza Yasuji kwa nini kwenye chai, mbele za watu, asiwakutanishe kwetu kibandani. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nimechelewa kuzaliwa. "Chumba cha chai ndicho mahali pekee mjini," alisema, "ambapo Morisue hawezi kupiga kelele."

Sasa akabaki Itsuko. Yasuji alimkuta dukani kwake akikata figili za kachumbari, akamweleza yote. Alimwambia kwamba sanduku hatalipeleka kwa kaka, ameahidi; ila yeye mwenyewe Itsuko akitaka kulibeba, hakuna ahadi inayovunjika. Itsuko alisikiliza huku kisu kikishuka. Kisha akamwambia atoke, na alipotoka akamrushia chumvi mlangoni, kama tunavyofanya kwa mgeni ambaye hatutaki arudi.

Yasuji alirudi kesho yake. Akanunua kachumbari, akamshukuru kwa chumvi ya jana. Akarushiwa nyingine. Tulikula figili asubuhi na jioni mpaka nikaota nazitafuna. Siku ya mwisho kabla ya karamu nilimkataza kwenda, nikasema kuna heshima ya mwanamume na kuna kujidhalilisha. Akavaa viatu, akaenda.

Siku hiyo, aliniambia baadaye, hakumbembeleza. Alimwuliza swali moja. "Kesho watalizika jina alilokupa baba yako. Utakuwepo mazikoni, au hata huko huendi?"

Hakurushiwa chumvi. Aliondoka tu.

Jioni hiyo akapiga magoti kwenye sakafu ya kibanda kufanya mazoezi. Chai ya heshima huinywi ukiwa umekunja miguu upendavyo. Unakalia visigino, mgongo wima, hata kama goti linapiga kelele. Tangu geti lifunguliwe alikuwa akijifunza hivyo, ameshika bakuli la wali na kulizungusha kiganjani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa namwinua kwa kumshika kwapani huku nikimwita bwana mkubwa wa chai. Usiku huo hakucheka. Alisema asipokuja mtu, atakaa peke yake mkiani, atalisikia jina jipya kwa masikio yake, kisha ataliteremsha lile sanduku kutoka rafuni, maana litakuwa halina wa kumngoja.

Asubuhi Itsuko alikuwa mlangoni kwetu, kimono cha kijivu, nywele zimebanwa. Hakusalimia. Alinyoosha mikono kama mtu anayedai mtoto wake, na Yasuji akamkabidhi sanduku.

Mimi nilikuwa jiko la nyuma, nimetenganishwa na chumba cha chai na mlango wa karatasi. Itsuko alinipa sanduku nililinde. Nikaliweka rafuni, na pembeni yake lilikuwa lile jipya, linanukia mbao, wino wake unang'aa. Nikayatazama yote mawili.

Wageni huingia kwa kutambaa kupitia kimlango kidogo, tajiri na maskini vichwa chini. Aliingia kwanza kasisi wa hekalu la jirani, kisha wageni wengine, kisha mume wangu na magoti yake, na mwisho Itsuko, ambaye alikifunga kimlango nyuma yake kwa kishindo kidogo. Mgeni wa mwisho ndiye afungaye, na mlio ule humwambia mwenyeji kwamba wametimia. Kanetaka akafungua mlango wa upande wangu, ameshika bakuli mikononi, akamwona dada yake.

Nilimwona shingo kwa nyuma. Mshipa ulisimama. Lakini mtu aliyeshika bakuli mlangoni mwa chumba cha chai hana njia ila kuinama na kuingia, na Kanetaka aliinama, akaingia.

Chai ya siku ile ni chai nzito, na hunywewa na wageni wote kutoka bakuli moja. Kila mtu hunywa kiasi chake, hufuta mdomo wa bakuli, humpa wa pili. Nilichungulia kwenye ufa. Bakuli lilipita kwa kasisi, likapita kwa wengine, likafika kwa Yasuji, ambaye alilishika kama alivyojifundisha, viwiko vikiwa karibu na mapaja. Akampa Itsuko. Itsuko alikunywa yote iliyobaki, kama impasavyo wa mwisho. Kisha hakuliachilia. Alilishika kwa mikono miwili, na machozi yalimshuka wazi, hakuyafuta.

Kasisi hakujua lolote. Aliuliza kwa utaratibu, kama mgeni wa kwanza anavyouliza siku zote. "Bakuli tulilolinywea lina jina gani?"

Nilisikia birika likichemka. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Kanetaka alikuwa amekaa wima, kidevu chake kimenyolewa vizuri.

"Mwulizeni mwenyewe," alisema mwishowe. "Amekaa pale mwisho."

Watu wakageuka. Itsuko aliliinua bakuli mpaka kifuani. "Mvua ya Kwanza," alisema.

Kasisi akainama akasema ni jina la haki. Kanetaka akaufungua mlango wangu kwa nguvu kiasi kwamba nilikaribia kuangukia ndani.

"Mama Tsurumaki, lete sanduku."

Nilijua, lakini nilitaka alitamke. "Lipi, bwana?"

"La baba," alisema.

Nikalileta. Alilipokea bila kunitazama, akaliweka kwenye mkeka mbele ya dada yake, kisha akarudi mahali pake. Itsuko ndiye aliyelivika bakuli kitambaa chake, akalishusha ndani, akafunga kifuniko. Halikuhitaji kusukumwa.

Msidhani walikumbatiana. Wageni walipokwisha kutoka, wawili hao walianza upya, nani atalitunza. Itsuko akasema likikaa mlimani, yeye atakuja kulitazama, asifikirie amesamehewa. Kanetaka akasema aje mara kwa mara, maana vitu vya ukoo huu vina tabia ya kupotea. Wakaendelea hivyo, nami nikaosha vyombo nikiwasikiliza, nikaona ni kelele za watu wanaojuana.

Tulipokuwa tunaaga, Kanetaka alimpa Yasuji sanduku jipya, lenye Mwangwi wa Mlima juu yake na hewa ndani. "Hili chukua wewe," alimwambia. "Ndiyo kazi yako." Mume wangu alilipokea kwa mikono miwili. Nilitamani kumkanyaga mguu.

Tukateremka mlima, mvua nyepesi, yeye akiburuta magoti na lile sanduku kwapani. Nikaanza kumtania kwamba amepanda na moja, ameshuka na moja, hesabu ya Bwana Hewa ile ile. Nikageuka nikamkuta amesimama katikati ya njia, analia kama mtoto, watu wa sokoni wanapita na makapu yao wakimtazama.

"Limejaa," aliniambia. "Uliliona?"

Nikamwambia niliona. Kwetu mke na mume wa umri wetu hawashikani mikono barabarani, watu watasema. Nilimshika, nikateremka naye hivyo hadi mlangoni kwetu.